Sahani ya Shija

Mwakitolyo, Jumapili asubuhi

Baba Kabula,

Mwangaluka. Najua barua hii utaisoma jioni, mikono bado ina grisi za minyororo ya baiskeli, lakini mimi naiandika asubuhi, kwa hiyo ipokee salamu ya asubuhi na uiitikie hivyo hivyo. Hamjambo wote hapo Chato? Kile kikohozi chako kimepoa? Mama naye, miguu yake inaendeleaje? Mpe shikamoo yangu, na umpe kwa sauti, maana nakujua unavyonong'ona ukiwa na kazi nyingi, halafu yeye anakuja kusema mkwe wangu hanisalimii. Mimi ni mzima. Moshi wa kuni umenifanya macho mekundu, mikono imekuwa migumu, ila chakula kinapita na usingizi naupata.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Ni kwamba mimi na wewe kwenye simu hatuzungumzi, tunajibizana tu. Nakuuliza mmeamkaje, unasema salama. Nakuuliza mmekula, unasema tumekula. Nyuma yako namsikia mtu anauliza kuziba pancha ni shilingi ngapi, unamgeukia yeye, na salio langu linakwisha nikisikiliza bei ya pancha. Hiyo "tumekula" yako naisikia tangu nifike huku, na mpaka leo sijui mmekula nini. Mama Neema, jirani yangu hapa anayeuza vitenge, anakuja Chato kumwona dada yake, nimempa barua hii na kifurushi akukabidhi mkononi. Mpikie chai. Usimpe soda, na ukifika katikati ya barua utajua kwa nini.

Nimewakumbuka. Naomba nilitamke hili kabla sijaanza kukugombeza, maana nitakugombeza. Nimewakumbuka mpaka nachukia asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo naanza kuwahesabia: saa hizi Kabula anafagia uwanja, saa hizi Masanja anatafuta kiatu kimoja, saa hizi Shija amekaa kizingitini hajavaa suruali. Unakumbuka alivyokuwa akishika pindo la kanga yangu nikipika? Basi mpaka leo nikigeuka na sufuria la moto natazama chini kwanza nisije nikamkanyaga. Chini hakuna mtu. Wenzangu jikoni wananiuliza, "Mama Kabula, umeangusha nini?" Nawaambia sijaangusha kitu.

Na ukimpa simu hasemi. Nasikia pumzi zake tu. Namwita, namwimbia, namwambia mama hapa, yeye anapumua, kisha unaichukua simu unacheka, "Anaona aibu." Wewe unacheka, mimi nabaki nimeshikilia simu sikioni muda mrefu baada ya wewe kukata.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Siku ile uliponiambia habari za kliniki, kwamba nesi ameonyesha kwenye kadi mstari wa Shija umeshuka ukaingia kwenye kijivu, na kwamba ukishuka tena watamwandikia hospitali, nilikuwa nimesimama, nikakaa juu ya gunia la mkaa. Ukaongeza, "Lakini anakula, Mama Kabula. Kila siku anakaa na wenzake kwenye sinia." Ulisema kwa uchungu na nilijua hunidanganyi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtoto mwenye njaa ya kukosa chakula tungejua la kufanya, lakini huyu unaniambia anakula, na anakonda.

Jioni hiyo hiyo nilimwendea msimamizi nikaomba ruhusa nije. Wewe utaratibu wa huku unaujua, lakini mweleze Mama naye, asidhani nimependa machimbo kuliko wajukuu wake. Mweleze hivi: sisi wapishi hatulipwi kwa mwezi. Tunawapikia wachimbaji wa shimo moja, wenyewe wanaliita duara, na siku duara likitema, yaani likitoa dhahabu, na jiko linapata mgao wake. Kabla ya hapo ni chakula na mahali pa kulala. Msimamizi wala hakunifokea. Aliniambia, "Mama, kwenda ni ruhusa. Ila tukitema haupo, mgao ni wa atakayekuwa ameshika mwiko." Nikakumbuka ile nyumba yetu yenye kuta bila paa, na mvua za mwaka jana. Nikarudi jikoni nikaendelea kupepeta mchele. Nililia, na niliwaambia ni moshi.

Halafu yakatokea ya Mzee Mhoja, na ndiyo hasa yaliyonifanya nitafute karatasi.

Mzee Mhoja ni mtu wa Ushirombo, mkubwa kuliko wote hapa duarani. Chini hashuki tena, kazi yake ni kuponda mawe juu. Wanaapolo wetu, ndivyo wachimbaji wanavyoitwa huku, wanakula kwenye sinia, wanazunguka wote pamoja, wengine bado wana vumbi mpaka kwenye kope. Mwezi huu nikaanza kumwona mzee anapwaya. Suruali akaifunga kwa kamba ya kiroba. Mchana mmoja nyundo ikamtoka mkononi, akakaa chini anatetemeka. Wote wakasema malaria. Wakampeleka zahanati, kipimo kikasema hana. Nikimuuliza, "Mzee, umekula?" anajibu, "Nimekula, mayu," ananiita mama ingawa ni sawa na baba yangu. Wenzake nao, "Amekula, mbona tulikuwa naye."

Siku iliyofuata baada ya kupakua sikurudi jikoni. Nilisimama na mwiko wangu nikawa nawatazama mikono. Vijana wale wakishika tonge wanalimeza kabla halijawa tonge. Mzee anavunja kidogo, analipeleka shavu la kushoto, anafumba macho, anasubiri, anameza. Kumbe ana jino bovu. Anaporudisha mkono kwenye sinia maharage yameshaondoka, anafuta mchuzi kwa ugali, anatafuna tena polepole, na anaporudi mara nyingine sinia inang'aa. Anaamka na wenzake, ananawa na wenzake. Amekula.

Kesho yake nikampakulia sahani yake peke yake. Ungemwona alivyonikasirikia! "Mama Kabula, unanitenga? Nimeshikwa na ukoma?" Na kweli, wewe unajua kwetu mtu anayekula peke yake ni mchoyo au mgonjwa, hakuna wa tatu. Nikamwambia, "Sikutengi, mzee. Kaa hapo hapo katikati yao, piga nao hadithi zako zote. Ila hii ni yako, na mkono wa mtu mwingine usiingie." Akatazama sahani, akawatazama vijana, akakaa.

Shida ikawa nilichomwekea. Mtu mwenye jino bovu unampa nini? Nilimpikia mlenda na karanga za kutwanga, laini, unashuka wenyewe. Nilisahau kwamba duara hili mlenda ni mwiko, mganga wao alishawaambia ukiliwa hapa dhahabu itateleza iende zake kwa majirani. Kijana mmoja wanamwita Songea, kwa kuwa ametoka huko, ndiye aliyeuona unavutika kwenye vidole vya mzee. Akaruka. "Huo si mlenda huo? Mama, unataka tukeshe chini bure?" Sinia nzima ikaacha kula. Msimamizi akaitwa. Baba Kabula, nikajua leo nafukuzwa na mgao nauona unakwenda. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikawauliza, "Tangu masika hakuna aliyeonja mlenda hapa. Mmetoa nini?"

Halafu mzee akaanza kucheka huku ameshika taya kwa maumivu, Songea mwenyewe akacheka, msimamizi akainama akijifanya anafunga kiatu. Uamuzi ukawa kwamba mzee aendelee kula mlenda wake, ila anawe kwa sabuni kabla ya kugusa mawe. Jino limeshang'olewa sasa, na kamba ya kiroba ameiacha. Dhahabu bado haijatoka, kabla ya mlenda na baada ya mlenda.

Ni mchana huo, nikiosha ile sinia, ndipo nilipomwona Shija wetu. Niliacha kuosha. Hebu na wewe mwone. Kabula ana mkono mkubwa na haraka ya kwenda kuosha vyombo. Masanja anakula utadhani anafukuzwa na polisi. Shija anachukua haragwe moja, analigeuza, analitazama, anamwonyesha kuku. Anapomaliza kulisifia, sinia imekwisha. Anaamka na wenzake, ananawa na wenzake, na wewe ukiulizwa na nesi unasema kweli yako kwamba anakula. Nilipokuwepo nilikuwa namkatia matonge yake nayaweka kwenye kiganja changu, mkono mwingine unampiga Masanja kofi akiyasogelea. Hata sikujua kama nafanya hivyo, ni mkono tu ulikuwa unafanya. Sasa mkono huo uko Mwakitolyo. Na wewe unakula nje kwenye moto na wageni wako, kama baba wa mji anavyotakiwa, utaona wapi?

Kwa hiyo fungua kifurushi. Hiyo sahani ya bluu ni ya Shija. Apakuliwe yeye kwanza, kabla Masanja hajanawa. Akae pale pale kwenye mkeka na wenzake, asiwekwe pembeni, na hakuna wa kumharakisha. Mama atakataa, nakuambia mapema. Atasema mnamfundisha mtoto uchoyo. Msomee habari za Mzee Mhoja, na umsisitizie kwamba ni mtu wa Ushirombo, kwao kabisa. Mtu wa Ushirombo akifanya jambo, kwa Mama limeshakuwa sawa. Na wewe, Baba Kabula, siku mbili tatu kwa wiki hamisha kiti chako, kula ndani na wanao. Wageni hawatakufa.

Sasa kilichomo ndani ya sahani. Hapa ndipo pa soda. Kabula ameniambia, na usimgombeze, kwamba asubuhi unawapa hela wote watatu, wananunua maandazi na zile juisi za unga, na Jumamosi soda. Na kwamba mayai ya kuku wetu anayauza Masanja stendi ili hela ya soda ipatikane. Nilipousikia ule mzunguko nilikaa tena juu ya gunia. Yaani tunatoa yai ndani ya nyumba, tunaingiza maji ya sukari! Najua kwa nini unafanya. Unafungua kibanda alfajiri, huna muda, na hutaki majirani waseme watoto wa mwanamke aliye machimboni wanatafuna matobolwa shuleni. Unataka waonekane wana mama anayetuma. Nakuelewa, na nakupenda kwa hilo. Lakini nikuambie: huku wanaapolo wenye hela mfukoni wanagombania matobolwa. Mwanamke wa kijijini akitokea na beseni la viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga juu, hafiki katikati ya kambi, beseni tupu. Chakula unachowaonea aibu wanao, huku watu wanakililia.

Sikutumi upike kutwa. Hizo nguvu huna, na Kabula ana masomo. Tumia Jumapili, ukifunga kibanda. Maharage yaloweke Jumamosi jioni, yachemshwe mengi mara moja, yagawe, yaliyobaki chemsheni tena kila siku yasichache. Karanga kaangeni bila mafuta, Masanja azitwange; ana nguvu nyingi za kupigana, aziweke kwenye kinu. Unga wake utie kwenye kopo, kijiko kimoja kwenye uji wa Shija, kingine kwenye mboga. Asipewe karanga nzima, zitamkaba. Dagaa nanyi mnao hapo mlangoni, sisi huku tunaletewa wamechoka safari nzima. Wasafisheni mchanga, wakaushwe, wasagwe, naye awekewe kwenye mchuzi. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, halafu zisikae motoni mpaka zibadilike rangi kama Mama anavyopenda. Unga mnunue wa dona, mwacheni mwenye sembe nyeupe auze kwa wengine. Mpapai wetu nyuma ya choo unazaa kwa ajili ya nani, ndege? Shija tumbo lake dogo, hawezi kula kwa mara moja kama wewe, kwa hiyo saa za katikati apewe papai, au yai la kuchemsha, au kiazi. Yai lisiende stendi tena. Na tarehe ya kliniki ikifika, funga kibanda hata kama mkuu wa wilaya ameleta baiskeli yake.

Maji wape ya kuchemsha. Soda ibaki ya Krismasi.

Najua unasoma unasema huyu mwanamke yuko huko anapika ugali mlima mzima, ananifundisha mimi kula. Basi sikia nilichoambiwa. Juzi nimepakulia wote, nimesimama kwenye moto nakwangua ukoko wa sufuria, kama ninavyofanya kila siku. Mzee Mhoja akageuka akaniuliza, "Mayu, na wewe sahani yako iko wapi?" Nikamjibu nimeshakula. Akanitazama tu hivi, na watu wote wakacheka, maana hilo neno kila mtu sasa analijua. Niliona aibu, Baba Kabula, lakini nikaacha kukwangua, kwa sababu tangu niondoke nyumbani hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo akasubiri jibu. Kesho yake nikamkuta Mama Neema ana sahani za bluu mbili zinazofanana, nikazinunua. Moja ndiyo hiyo mkononi mwako. Nyingine ninayo mimi, na sasa nakula nimekaa.

Nisalimie Kabula, mwambie mama anajua mzigo alioubeba na hausahau. Masanja mwambie nyama ya kichwa ni yake nikirudi, asiiguse ya Shija sasa. Msalimie kaka yangu, mjomba wa watoto, mwambie asiwaletee biskuti, alete mapera. Jirani yetu anayemshika Shija siku za gulio mpe mkono wa asante kwa niaba yangu, wabeja sana. Mama mwambie namwombea miguu, na kwamba kitenge chake kipo kwenye kifurushi chini ya kopo la karanga.

Siwezi kukuambia nakuja lini. Wanasema mawe yamebadilika rangi, lakini walisema hivyo hata mwezi uliopita. Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Jioni Shija akikaa na sahani yake, nipigie. Usiniulize habari, usinisalimie, usimwambie aongee na mama. Iweke simu chini kwenye mkeka, karibu na sahani, na muendelee. Mimi nami nitakuwa nimekaa na yangu. Nataka tu kumsikia akitafuna.

Ni mimi mkeo,
Mama Kabula